Dk. John Kirk: Aliyefumbua siri ya sandarusi ya Kilwa

MKULIMA au mfanyabiashara wa Mitole, wilayani Kilwa, anayenunua tangi la chuma la kuhifadhia maji au dizeli hukabiliwa na swali moja: alipake nini ili lidumu? Dukani kuna makopo ya bei ndogo na ya bei kubwa, na yote yakishapakwa yanang'aa. Tofauti huonekana baada ya masika mawili au matatu, pale rangi hafifu inapoanza kubanduka na kutu kutokeza kwenye maungio.

Swali hilo si geni katika pwani ya Kilwa na Lindi. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, ardhi ya ukanda huu ndiyo iliyotoa sandarusi, utomvu mgumu uliotengenezewa vanishi iliyohesabiwa duniani kuwa miongoni mwa zilizo imara kuliko zote. Ilipakwa kwenye magari ya farasi, mabehewa ya treni, samani na vyombo vya bati ili visiharibiwe na maji, jua na msuguano. Hata wakati huo palikuwapo sandarusi bora na hafifu, na zote mbili ziling'aa.

Mtu aliyeeleza tofauti hiyo kwa ushahidi wa kisayansi ni Dk. John Kirk, Mskochi aliyeishi Zanzibar kwa miaka 20. Wengi humkumbuka kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Wachache wanafahamu kwamba alikuwa pia mtaalamu wa mimea aliyefuatilia mazao ya pwani hii, kuanzia sandarusi hadi mpira wa porini, na kwamba maisha yake yana somo kwa anayenunua rangi na kwa anayeuza mazao ghafi.

Mtoto wa mchungaji

John Kirk alizaliwa Desemba 19, 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana huyo alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Lakini tangu chuoni moyo wake ulikuwa kwenye mimea kama ulivyokuwa kwenye dawa.

Vita vya Crimea vilipokuwa vikiendelea, alijiunga na hospitali iliyojengwa Renkioi, kwenye mlango bahari wa Dardanelles nchini Uturuki, kuwatibu askari. Alipopata nafasi alipanda milima ya huko akikusanya majani na maua. Tabia hiyo ya kutoamini mpaka ashike kitu mkononi ndiyo iliyomsaidia baadaye alipofika pwani ya Afrika Mashariki.

Meli iliyotobolewa na kutu

Mwaka 1858 Dk. David Livingstone alimchukua Kirk kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Mto Zambezi. Msafara huo ulipewa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ma Robert, iliyotengenezwa Uingereza kwa mabati ya chuma chembamba mno. Unene wake ulikuwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu. Chuma hicho kilikuwa cha aina mpya ambayo haijajaribiwa vya kutosha, na kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa chepesi.

Haikuchukua muda mrefu maji ya mto yakaanza kukila. Matundu madogo yalijitokeza chini ya meli, mafundi wakaziba, mengine yakatokea pembeni yake. Vyumba vilijaa maji na mizigo ikaloa. Desemba 1860, baada ya miaka miwili na nusu tu kazini, Ma Robert ilikwama kwenye fungu la mchanga na kujaa maji, ikaachwa hapo.

Mwaka huohuo Kirk alipata pigo jingine. Mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Zambezi na nusura azame. Aliokoka, lakini madaftari yake ya kumbukumbu, michoro ya mimea na sampuli alizokusanya kwa miaka viliondoka na maji.

Mwaka 1862 alisafiri na Livingstone kupanda Mto Ruvuma, mpaka wa kusini wa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Huko aliiona ardhi ya kusini, ingawa alikuwa bado hajajua kwamba pwani hii ndiyo itakayomfanya ajulikane. Mwaka uliofuata aliuacha msafara, akiwa amechoshwa na homa na migogoro, akarudi kwao.

Zanzibar na mzigo wa Kilwa

Mwaka 1866 Kirk aliwasili Zanzibar kama daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza. Kisiwa hicho kilikuwa soko kuu la Afrika Mashariki. Pembe za ndovu, karafuu, ngozi, nazi na sandarusi vilipita kwenye forodha ya Sultani. Bandari ya kusini iliyotoa mzigo mwingi ilikuwa Kilwa Kivinje, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa ilifikia.

Mzigo mkubwa wa Kilwa wakati huo ulikuwa binadamu. Katika miaka ya 1860, karibu watumwa 20,000 walisafirishwa kila mwaka kutoka Kilwa, wengi wakipelekwa kwanza Zanzibar. Pamoja nao ulitoka mzigo mwingine usiotajwa sana, magunia ya sandarusi iliyochimbwa katika misitu ya pwani.

Biashara ya sandarusi haikuwa ndogo. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita pwani hii mwaka 1857, alikadiria kuwa kati ya ratili 800,000 na 1,200,000 zilisafirishwa kila mwaka kutoka Zanzibar. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Marekani, walikuwa wateja wa mwanzo na wakubwa. Walileta vitambaa vya pamba, ambavyo mpaka leo jina lake ni merikani, wakaondoka na sandarusi, pembe na ngozi. Baadaye Wajerumani wa Hamburg na Wahindi wa Bombay walinunua pia.

Wachimbaji walikuwa wenyeji. Baada ya mvua kulainisha ardhi waliingia porini kwa majembe na vijiti, wakachimba mashimo mafupi katika udongo mwekundu wa kichanga, wakapekua kwa mkono. Waliyoyapata waliyapeleka kwa wachuuzi, wachuuzi wakayafikisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi mwambaoni. Kila mkono ulipunja kidogo. Aliyechimba ndiye aliyepata kidogo kuliko wote, naye hakujua kile kipande cha njano kinakwenda kufanya kazi gani.

Sandarusi tatu, mti mmoja

Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walikuwa na tatizo. Magunia yaliyoandikwa jina moja yalitoa vanishi tofauti kabisa. Ya gunia moja ilikauka ikawa ngumu kama kioo na kuvumilia mvua miaka mingi. Ya jingine ilibaki inanata, ikapauka na kupasuka. Wataalamu walibishana. Wapo waliosema sandarusi bora ilitoka kwa mti uliokwisha toweka duniani. Wengine walidhani ni miti miwili au mitatu tofauti.

Kirk hakutaka kubishana akiwa ofisini. Alivuka kwenda bara, akaingia katika misitu ya pwani, akautazama msandarusi ukiwa hai na utomvu ukichuruzika kwenye gome. Akanunua vipande vya kila aina kwa wachimbaji, akavisafisha na kuvichunguza kimoja kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipeleka maelezo yake kwa Linnean Society, chama cha wanasayansi mjini London, na sampuli kwenye bustani ya Kew.

Alieleza kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari na mpangilio mzuri wa madaraja matatu. La kwanza ni sandarusi ya miti, inayogemwa au kuokotwa kwenye mti ulio hai. La pili ni chakazi, iliyodondoka na kufukiwa ardhini lakini haijakomaa. La tatu ni sandarusi yenyewe, iliyokaa ardhini muda mrefu mno, mara nyingi mahali ambapo hakuna tena msandarusi hata mmoja.

Ushahidi mkubwa ulikuwa ndani ya vipande vyenyewe. Katika sandarusi iliyokomaa, Kirk alikuta majani na maua yaliyonaswa utomvu ulipokuwa bado laini. Alipoyalinganisha na yale ya mti hai yalikuwa ya aina moja. Hivyo hapakuwa na mti uliotoweka. Mti ni uleule ambao wataalamu wa leo huuita Hymenaea verrucosa. Kilichotofautisha bora na hafifu ni muda wa kukaa ardhini.

Sandarusi iliyokomaa ilikuwa na alama yake. Ikishaoshwa na kuondolewa gamba chafu la nje, uso wake hutokeza vipele vidogo vilivyopangika kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. Chakazi haina vipele hivyo. Kwa mnunuzi, alama hiyo ilikuwa na thamani kuliko maneno ya muuzaji.

Jina chakazi lenyewe lilisafiri na kupotoshwa njiani. Mabaharia na wafanyabiashara wa Kizungu waliolisikia walilitamka kama neno la lugha yao lenye maana ya punda dume. Kwa miaka mingi sandarusi hafifu iliuzwa katika masoko yao kwa jina la punda. Walioinunua kwa kufuata bei waliona kwamba jina halikukosea sana.

Kutoka shimoni hadi kwenye behewa

Ili kuelewa kwa nini ukomavu ulikuwa na thamani, ni vyema kuona vanishi ilivyotengenezwa. Fundi aliyeyusha sandarusi kwenye chungu cha shaba kwa moto mkali, joto likipita nyuzi 300 za sentigredi. Sehemu ya uzito wake iliondoka kama moshi. Kisha alimimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, akakoroga, na mwisho akaongeza tapentaini ili iweze kupakwa kwa brashi. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari na ilichoma viwanda vingi.

Sandarusi iliyokomaa ilitaka moto mkali zaidi, lakini ikishakauka iliacha ngozi ngumu isiyopitisha maji kwa urahisi. Chakazi iliyeyuka upesi, nayo ikalainika upesi juani. Mafundi wa magari ya farasi hawakupaka mara moja na kuondoka. Walisugua mbao kwa msasa mpaka zikawa laini, wakapaka tabaka jembamba, wakaliacha likauke kwa siku kadhaa, wakasugua tena na kurudia. Gari moja liliweza kukaa karakana kwa wiki nyingi likisubiri rangi.

Thamani iliongezeka kila hatua, na hatua zote hizo zilikuwa mbali na Kilwa. Kwa miaka mingi hata kuosha kulifanyika Salem, ambako kilikuwapo kiwanda cha kusafisha sandarusi. Baada ya Marekani kubadili ushuru wa forodha mwaka 1861, kazi ya kuosha ilihamia zaidi Zanzibar. Hata jina halikubaki Kilwa. Dunia iliijua bidhaa hiyo kama sandarusi ya Zanzibar kwa sababu ndiko ilikopakiwa melini.

Mkataba wa 1873 na pigo la Kilwa

Kuanzia mwaka 1870 Kirk alikaimu ubalozi, na mwaka 1873 akathibitishwa kuwa balozi mkuu. Haukuwa wakati mwepesi. Mwandishi Henry Stanley alimshutumu hadharani kwamba hakumpelekea Livingstone mahitaji yake kwa bidii, shutuma iliyomsumbua kwa miaka. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar, kikazamisha vyombo na kung'oa mashamba ya mikarafuu.

Mwanzoni mwa 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash bin Said apige marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Sultani alikataa, akijua kuwa wakubwa wa nchi yake walitegemea biashara hiyo na kwamba kimbunga kilikuwa kimemwacha na hazina dhaifu. Frere aliondoka mikono mitupu. Baadaye Kirk alipewa amri ya kumweleza Sultani kwamba manowari za Uingereza zitazuia bandari zake. Juni 5, 1873 mkataba ulitiwa saini na soko likafungwa.

Kwa Kilwa hilo lilikuwa pigo la kiuchumi, lakini mateso hayakwisha siku hiyo. Wafanyabiashara walioachwa bila jahazi waliwatembeza watumwa kwa miguu kufuata pwani kuelekea kaskazini hadi Pangani. Frederic Elton, msaidizi wa Kirk, alisafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa na kukutana na misafara hiyo ya minyororo. Taarifa zake zilimpa Kirk nguvu ya kumbana tena Sultani. Mwaka 1876 Barghash alitoa matangazo ya kupiga marufuku pia misafara ya nchi kavu.

Kirk aliona kwamba marufuku peke yake haitoshi kama watu wa Kilwa na Lindi hawana kitu kingine cha kuuza. Sandarusi ilikuwapo, lakini ilichimbwa kwa kubahatisha. Akaelekeza macho kwenye mpira wa porini, unaotokana na mmea utambaao juu ya miti ya misitu ileile. Mmoja wa mimea hiyo, Landolphia kirkii, ulipewa jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1870 biashara hiyo ilikua kwa kasi, na bandari za Kilwa na Lindi zikawa milango ya mpira.

Hapo napo palitokea kosa lilelile. Mpira ulitoka ukiwa madonge ghafi. Kwa kuwa bei ilifuata uzito, baadhi ya wagemaji walikata mmea mzima ili wapate utomvu mwingi kwa siku moja, na msitu uliobaki ukawa maskini zaidi. Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar, Kirk alikuwa na nyumba na shamba ambako alijaribu mimea kutoka nchi mbalimbali. Lakini shamba la majaribio la mtu mmoja halikuweza kubadili mfumo mzima wa biashara.

Rafiki aliyegeuka mjumbe wa habari mbaya

Kwa zaidi ya miaka kumi Kirk alikuwa mshauri aliyesikilizwa kuliko wote katika kasri la Barghash. Sultani aliamini kwamba akitimiza ahadi zake kuhusu watumwa, Uingereza italinda mamlaka yake ya bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba kwa niaba ya Ujerumani. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga Zanzibar.

Safari hii serikali ya Uingereza ilitaka amani na Berlin. Kirk aliamriwa amshauri Barghash akubali. Mtu aliyemwahidi Sultani urafiki ndiye aliyetumwa kumwambia asipigane. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani bara ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Kirk aliondoka Zanzibar mwaka huohuo na hakurudi tena kazini huko. Barghash alifariki mwaka 1888.

Kilwa na Lindi ziliingia chini ya Wajerumani. Kirk aliishi muda wa kutosha kusikia kuhusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 huko Umatumbi, katika bara ileile iliyotoa mpira na sandarusi. Aliishi Sevenoaks, kusini ya London, akiendelea kuandikiana na wataalamu wa mimea hadi macho yalipomwishia nguvu. Alifariki Januari 15, 1922, akiwa na umri wa miaka 89.

Viwanda vyaipindua sandarusi

Wakati Kirk akizeeka, sandarusi nayo ilikuwa ikipoteza soko. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya utomvu uliotengenezwa kiwandani kwa kemikali. Aina zake zilianza kuingizwa katika vanishi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikavumbuliwa epoksi, ambayo leo ndiyo kinga kuu ya matangi ya chuma. Viwanda havikuhitaji tena kusubiri utomvu ukomae ardhini.

Hata hivyo, kanuni zilizotenganisha sandarusi na chakazi hazikubadilika. Ya kwanza ni kwamba rangi haiwezi kuwa imara kuliko sehemu inayoshikilia. Mafundi wa matangi wanakubaliana kwamba rangi nyingi hushindwa kwa maandalizi mabaya. Chuma kinapaswa kuondolewa kutu, mafuta na rangi ya zamani kwa kupigwa mchanga kwa shinikizo la hewa, au angalau kwa brashi ya waya na msasa. Karibu na bahari huoshwa kwanza kwa maji baridi ili kuondoa chumvi. Kisha hupakwa siku hiyohiyo, kikiwa kikavu, si alfajiri ya umande wala jioni ya mawingu ya mvua.

Ya pili ni kuangalia kitakachohifadhiwa. Nje ya tangi, mpangilio unaosifika ni tabaka la kwanza lenye zinki, la pili la epoksi, na la juu la poliyurethani, kwa kuwa epoksi ikiachwa juani hupauka na kutoa unga. Ndani ni habari nyingine. Tangi la maji ya kunywa hutaka epoksi iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, wala si lami au rangi yenye madini ya risasi. Tangi la dizeli halipakwi zinki ndani, kwa sababu zinki na dizeli havipatani. Maji ya mruturutu hula chuma na zinki, hivyo ni salama zaidi kuyaweka katika chombo cha plastiki.

Ya tatu ni subira. Epoksi huja katika makopo mawili, rangi na kigumishi chake. Kipimo kikikosewa, inabaki inanata kama chakazi. Kila tabaka lina muda wake wa kukauka. Anayeharakisha hujikuta akinunua rangi mara mbili.

Bei nayo ihesabiwe kwa mwaka, si kwa kopo. Mfano, rangi ya Sh100,000 inayodumu miaka miwili humgharimu mwenye tangi Sh50,000 kwa mwaka. Ya Sh250,000 inayodumu miaka kumi humgharimu Sh25,000. Anayeonekana kuokoa ndiye anayelipa maradufu, na bado hajahesabu maji au dizeli itakayovuja.

Sandarusi mpya iko kwenye korosho

Liko jambo jingine ambalo mkulima wa Lindi anastahili kulijua. Mojawapo ya vigumishi vya epoksi vinavyotumika kwenye meli na matangi hutengenezwa kutokana na mafuta ya maganda ya korosho. Ni yale mafuta meusi ambayo wabanguaji wanayajua kwa kuwaunguza vidole. Viwanda huyasafisha na kuyageuza kemikali inayosaidia epoksi kukauka hata penye unyevu na baridi, na kushika vizuri kwenye chuma.

Kwa maneno mengine, pwani hii bado inatoa malighafi ya kinga ya matangi. Lakini sehemu kubwa ya korosho ya Lindi na Mtwara imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam ikiwa na ganda lake, na ganda ndilo sehemu kubwa ya uzito wa korosho hiyo. Mafuta hukamuliwa huko na kuuzwa viwandani. Kisha baadhi yake yaweza kurudi Kilwa yakiwa ndani ya kopo, kwa bei ambayo mkulima huyohuyo anaiona ghali.

Dalili njema zipo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, kikiwamo Kikole, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo kwa bei inayotambua ubora wake. Msandarusi nao bado unaota katika misitu ya pwani, pale ambapo shoka la mkaa halijafika.

Kirk alithibitisha kwa majani na maua kwamba mti wa Kilwa ulitoa utomvu bora. Lakini aliyechimba hakufaidika na ujuzi huo, kwani uliandikwa London na vanishi ikapikwa Ulaya na Marekani. Mkulima wa leo anaweza kuanza na kidogo: kuuliza kopo limetengenezwa kwa nini kabla ya kulinunua, na kupitia chama chake cha ushirika kuuliza ganda la korosho yake linakwenda wapi na nani analilipia.